Kioo Kilichosema Kabla ya Mwanangu

Mama mwenzangu, wiki ijayo wataanza kugawa vioo upande wenu wa bonde. Mtavipenda. Ni vyembamba kama sinia, vina ukingo wa shaba, na ukipita mbele yake kinakusalimia kwa jina. Kabla hujatafuta msumari wa kukitundikia, soma haya kwanza. Mimi niliishia darasa la saba, tena lile la zamani la ubao na chaki, kwa hiyo msinicheke nikirudia jambo mara mbili. Huwa narudia nikiwa na hofu, na tangu nimzae Mwanamvua sijamaliza siku nzima bila hofu.

Sisemi kioo ni kibaya. Mimi kimeniokoa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa napepeta mchele, kikaniambia kutoka ukutani, "Mama Mwanamvua, weka ungo chini. Moyo wako unaruka. Kaa." Nikakidharau. Nani anakatazwa kupepeta mchele na ukuta? Kikarudia, safari hii kwa sauti kali kama ya mkunga, nikakaa. Kabla sijajua kama naumwa, gari la zahanati, lile lisilo na dereva, lilishasimama mlangoni limefungua ubavu. Daktari aliniambia ningechelewa robo saa, mchele ule ungepikwa msibani. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, ila sikungoja kirudie.

Kwa hiyo nilikiamini. Ndiyo maana naandika.

*

Kioo kinafanyaje kazi? Alitueleza Shemhilu, mhudumu wa afya wa kata yetu, Jumamosi moja kwenye ukumbi wa ghala la kabichi. Kinatazama mboni ya jicho inavyopanuka na kusinyaa. Kinapima joto la uso na mshipa wa shingo. Kinasikiliza sauti, hasa pale inapokwama. Vyote hivyo kinavijumlisha siku baada ya siku, mpaka kinamjua mtu.

"Mwili hauna siri, mama zangu," alisema Shemhilu. "Ukiwaza kitu, damu inakijua kabla ya ulimi."

Tukapiga makofi. Leo nikikumbuka natamani ningenyoosha mkono nikamwuliza: na ulimi je, baba, tuutupe?

Siku hiyo ndiyo alitufundisha maneno ya jinsia na ya mvuto wa moyo. Watoto wetu wameyazoea tangu shule ya awali, lakini sisi wa umri huu tulikulia wakati mwingine. Sheria zilikuwa hazijabadilika. Maneno tuliyokuwa nayo juu ya watu walio tofauti kwa mambo hayo yalikuwa ya matusi, ya kurushiana bombani, na mtu aliyerushiwa alihama. Yuko kijana wa mtaa wetu aliyehama na ndoo yake ikabaki foleni. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Naliandika hili ili mjue sikuanza nikiwa mwema.

Basi Shemhilu akachora hewani kwa ile kalamu yao ya mwanga. Jinsi, akasema, ni mwili uliozaliwa nao, vile mkunga alivyoutazama. Wapo wanaozaliwa miili yao haiko upande mmoja, nao ni watu wa Mungu. Utambulisho wa kijinsia ni vile mtu anavyojijua mwenyewe ndani: mwanamke, mwanamume, au hapana hata mojawapo. Mara nyingi unakwenda sawa na mwili, mara nyingine hauendi. Mvuto ni jambo jingine kabisa: moyo unamwelekea nani. Wanawake, wanaume, wote, au wala haumwelekei mtu.

Mimi nikanyoosha mkono. "Sasa mtu akijijua ni mwanamume, si ndiyo atapenda wanawake?"

"Hapana, Mama Mwanamvua. Usiyafunge kwenye fundo moja. Utambulisho ni nyumba unayokaa. Mvuto ni nyumba unayopenda kutembelea. Ukimjua mtu anakaa wapi, hujajua anatembelea wapi."

Mwanamke mmoja wa nyuma akadakia, "Fundi, na mimi ninayokaa paa linavuja? Naruhusiwa kuhamia ninayotembelea?"

Tulicheka mpaka kabichi zikaporomoka. Mume wake alikuwepo.

Niliyaandika yote kwenye daftari la mistari, nikapiga mstari chini kwa rula kama tulivyofundishwa. Nilirudi nyumbani najiona msomi. Nilikuwa na maneno matatu mapya na mtoto mmoja, na nikaanza kuwaza neno lipi ni lake.

*

Mwanamvua alikuwa na miaka kumi na tisa. Alizaliwa mwaka ambao mvua ilirudi baada ya misimu mitatu ya vumbi, ndipo bibi yake akampa jina hilo. Alikuwa fundi wa nyavu za ukungu kule juu kileleni. Mito yetu ilipokauka ndiko maji yetu yote yalikohamia: nyavu ndefu zimesimamishwa mlimani kama kuta, ukungu unapita, unaacha matone, matone yanashuka kwa bomba hadi majikoni mwetu. Nyuzi zikichakaa lazima mtu apande azifume. Mwanangu alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Alhamisi alishuka nyumbani na harufu ya ukungu kwenye sweta. Nikiikumbuka harufu ile hata sasa naacha ninachofanya.

Mtoto huyu zamani alikuwa hanyamazi. Akiwa mdogo alikuwa anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, miguu haifiki chini, ananisimulia shule nzima, nani kapigana na nani, mwalimu kavaa viatu gani. Mimi nachambua mchicha, yeye anasema. Nilidhani siku hizo hazina mwisho, nikawa namwambia, "Hebu punguza mdomo, mchicha unasinyaa." Jamani. Mtu angeniambia kwamba iko siku nitautafuta mdomo ule kwa mashine!

Alipofika miaka kumi na saba maneno yakapungua. Akakata nywele. Nikimwita "binti yangu" mbele za watu, alikuwa kama mtu aliyekanyaga kijiwe ndani ya kiatu: haonyeshi, lakini unaona. Na Alhamisi akishuka, kabla ya kuja kwangu alipitia kwa somo wake.

Kwa msiotoka kwetu nieleze. Mtoto wa kike kwetu akikua hupewa somo, mwanamke asiye mama yake, wa kumfundisha mambo ya mwili na ya moyo. Mtoto anachomwambia somo hakivuki kizingiti. Mama kazi yake ni kupeleka mchele na mche wa sabuni, basi. Mama akishindwa kujizuia akauliza, "Mtoto anasemaje?" somo hujibu jibu lile lile ambalo masomo wote wamejibu tangu enzi: "Mtoto anakula vizuri." Ukiuliza mara kumi, anakula vizuri mara kumi.

Somo wa mwanangu ni Bi Mwanasha, na mama yake Mwanasha ndiye aliyekuwa somo wangu mimi. Mwaka ule kabla sijaolewa nilikwenda kwake nikamwambia jambo moja. Nilikuwa na rafiki, Mwajabu, tunauza wote pea sokoni. Siku ambazo hakuja soko liliniishia asubuhi. Nilimwambia somo, "Sijui hiki ni kitu gani." Yule mama alikuwa anamenya maboga. Hakuacha kumenya. Alisema, "Si lazima ukijue leo," akanipa kisu cha pili, tukamenya wote mpaka yakaisha. Mwajabu aliolewa mbali, mimi nikaolewa na baba yake Mwanamvua, Mungu amrehemu, na nilimpenda. Jambo langu lile hadi leo sijui lingeandikwa safu ipi ya daftari la Shemhilu. Na mama yangu alikufa akijua kwamba nilikuwa nakula vizuri.

Mimi niliyepewa nafasi ile ndiye niliyemnyima mwanangu. Wivu pia ulikuwepo, nisiseme hofu tu. Nilimwonea wivu Mwanasha. Alikuwa anasikia sauti ya mwanangu saa nzima, mimi naambulia "shikamoo mama" na "chumvi imetosha."

*

Kioo hakimsomi mtu mzima utambulisho wala mvuto mpaka akubali mwenyewe kwa kiganja. Ndiyo sheria. Kilipomwuliza Mwanamvua mara ya kwanza, alicheka kidogo akasema, "Siku nyingine." Kikamwacha. Hilo nakisifu, kilikuwa na adabu kuliko mimi.

Alhamisi moja akashuka na homa. Nililala naye sebuleni mpaka asubuhi, na asubuhi nikamweka kwenye mkeka mbele ya kioo ili kisome ugonjwa. Kikamtazama, kikaniuliza mimi:

"Mgonjwa anaweza kujisemea?"

Sikilizeni vizuri hapa. Swali hilo limewekwa kwa ajili ya mtu aliyezimia. Mgonjwa akiwa hajiwezi, mwenye nyumba anajibu kwa niaba yake, na kioo kinafungua kila kitu, maana uhai uko hatarini. Mwanangu alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka. Lakini dakika tano kabla alikuwa ameniomba maji. Tena akasema yasiwe ya baridi.

Nikajibu, "Hapana."

"Nisome homa peke yake, au nisome yote?"

Moyo wangu uliruka, na nilijua kioo kinauona. Hakikusema kitu.

"Yote."

Kikasoma. Homa ikawa ya kawaida, vidonge vya siku tatu. Halafu kikasema, kwa sauti ile ile ya kusoma vidonge: "Utambulisho: mwanamume, asilimia sitini na nane. Mvuto: wanawake, asilimia sitini na moja."

Mtu aliyesoma sana angejiuliza: na zile zilizobaki ziko wapi? Thelathini na mbili nzima, thelathini na tisa nzima, zinasemaje? Mimi wa darasa la saba niliona jambo moja tu. Kwetu sitini ilikuwa ni kufaulu. Ukipata sitini mwalimu anakupa mkono.

Nikakaa pale sakafuni, nikalia. Nawaambieni kweli, hayakuwa machozi ya kumkataa. Miaka miwili nilikuwa natembea na hofu isiyo na jina, sasa imepewa. Nilikumbuka ile ndoo iliyobaki foleni. Nikasema, safari hii mimi Zamoyoni sitacheka. Safari hii nitakuwa mama wa mbele. Mtoto wangu hatakuja kwangu na woga na kigugumizi. Nitamfungulia mlango kabla hajabisha.

Ndipo nikaagiza kanga.

*

Mnajua siku hizi kanga inachapwa mnaposubiri. Nilikwenda na maneno yangu kwenye karatasi: NIMEZAA, SASA NIMEJUA. Doti ishirini na nne, sare ya shughuli, rangi ya pea iliyoiva. Nikagawa kwa majirani na ndugu. Watu walifurahi, walioniuliza shughuli gani niliwaambia, "Njooni Alhamisi."

Doti ya Mwanasha nilimpelekea mwenyewe. Akaikunjua mezani, akasoma. Ni mwanamke mkubwa wa mwili, mpole, hasemi haraka.

"Zamoyoni, amekuambia?"

"Nimejua, dada. Si umesoma hapo?"

"Nimesoma. Nakuuliza amekuambia?"

"Kuna haja gani ya kumchosha mtoto kwa jambo ninalolijua? Wewe si unalijua pia? Tena umelijua zamani, ukanificha!"

Akaikunja ile kanga, pindo kwa pindo, akaisukuma upande wangu wa meza.

"Mtoto anakula vizuri," akasema.

Nilitoka pale nimekasirika. Njia nzima nasema peke yangu: ana choyo, amezoea kuwa na mwanangu peke yake. Ndivyo nilivyoyapokea maonyo yangu, na ninyi mtayapokea haya yangu vivyo hivyo, naogopa.

Alhamisi ikafika. Wanawake ishirini na mbili wamejaa sebuleni kwa sare, pilau limefunikwa, ngoma imeshapashwa moto. Mwanamvua akaingia na begi la nyuzi mgongoni, sweta lina matone. Vigelegele vikalipuka. Akatabasamu, akadhani kuna harusi ya jirani. Akaanza kuwasalimu wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kama nilivyomfundisha. Nami nikatoka chumbani na kofia ya marehemu baba yangu, ile ya kiua, nikamvika kichwani kwa mikono yangu miwili.

"Karibu, mwanangu wa kiume," nikasema. "Kuanzia leo jina lako ni la babu yako. Hoza."

Na kioo nacho, kwa kuwa kilisikia jina jipya likitangazwa mbele ya mashahidi, kikawaka. Sikujua kwamba kinafanya hivyo. Kikaandika kwa herufi kubwa, mbele ya wote, zile asilimia zangu mbili, na chini yake: IMEPELEKWA DAFTARI LA KATA.

Vigelegele vikaanza tena, halafu vikafa kimoja kimoja, maana watu walimtazama usoni.

"Mama," akasema. "Nani kakwambia?"

Macho yangu yakaenda ukutani yenyewe.

Alifuata macho yangu. Nilimwona anahesabu siku nyuma, mpaka akafika kwenye mkeka.

"Nilikuomba maji," akasema polepole. "Mama, nilikuwa nasema. Nilikuomba maji."

"Mwanangu, mimi sina neno. Mimi nimekukubali! Tazama, watu wote hawa..."

"Najua umenikubali. Sikuwa na hofu ya kukataliwa. Nilikuwa naja kukwambia mwenyewe. Sijamaliza kujua ni nini cha kukwambia, nilikuwa nasubiri nimalize. Ilikuwa yangu, mama."

Akaivua kofia. Hakuitupa, laiti angeitupa. Aliikunja kama inavyokunjwa, akaiweka juu ya kiti. "Jina la babu ni la babu," akasema. Akawaaga wakubwa wote, mmoja mmoja, akaondoka na begi lake. Pilau nililigawa kwa majirani, kila mtu akabeba lake bila kunitazama.

*

Mtasema, kwani kaumia nini? Hakufukuzwa, hakupigwa, zama hizo zimepita. Nami nilijiambia hivyo. Lakini kesho yake asubuhi salamu za pongezi zilimiminika kutoka kata, na kule juu, kabla hata hajamaliza kupanda, kitanda chake kilishahamishwa bweni la wanaume. Daftari likishajua, mitambo yote inajua. Wenzake walikuwa wema mno. Walimwita Hoza. Wakamtania kuhusu wasichana. Kila mmoja alikuwa na jibu la swali ambalo yeye alikuwa bado analiuliza. Hayo aliniambia Mwanasha, tena kwa ruhusa, miezi mingi baadaye.

Miezi saba hakushuka. Kila Alhamisi nilipeleka chakula kwa lifti ya mizigo inayopanda kileleni: ugali, kisamvu, pea nikizipata. Kila Ijumaa hotipoti ilirudi imeoshwa, inang'aa, bila hata kikaratasi. Nilikuwa naifungua na kuinusa. Ukungu.

Ndipo nilipoelewa lile jibu la masomo lilivyo kwa mama anayelisikia. Mtoto anakula vizuri. Hilo tu ndilo nililokuwa nalijua sasa juu ya mwanangu.

Nikaenda kwa Shemhilu nikamwambia, "Nataka kufuta ule usomaji."

Aliniuliza mara mbili kama nimefikiri. Akanionyesha jinsi kumbukumbu za kioo zinavyokaa: za nyumba nzima zimekandwa pamoja kama unga mmoja wa mkate. Huwezi kuchomoa chumvi ukaacha unga. Kufuta usomaji wa Mwanamvua ni kufuta kioo chote, na nyumba iliyofuta haipewi kingine.

"Na kioo chako ndicho kinachoulinda moyo wako, mama," akasema. "Kimekujua miaka sita. Umekaribia kuanguka mara mbili. Ya tatu utaanguka na nani?"

"Mwanangu ana kitanda asichokichagua."

"Atazoea. Na pengine kioo kimesema kweli."

"Pengine," nikasema. "Lakini hakuulizwa yeye."

Shemhilu si mtu mbaya. Alikuja mwenyewe na vifaa, akakaa kwenye kinu cha Mwanamvua, maana viti nilikuwa nimevijaza nguo. Akaniambia kioo kitauliza maswali na lazima nijibu kwa mdomo wangu. Nikasimama mbele yake. Kilinisalimia kama kawaida.

"Sababu ya kufuta?"

"Nilisema uongo."

"Usomaji ulifunguliwa kwa jibu kwamba mgonjwa hawezi kujisemea. Mgonjwa aliweza kujisemea?"

"Ndiyo. Aliweza. Aliniomba maji."

Nikaona uso wangu ndani yake, mwanamke aliyezeeka kwa miezi saba. Halafu kikasema, na hili ndilo neno lake la mwisho nyumbani kwangu, "Mama Mwanamvua, moyo wako unaruka. Kaa chini."

Nikakaa. Kikazimika.

*

Siku ya tatu, Jumapili wala si Alhamisi, mlango ukasukumwa bila hodi. Sweta lile lile. Nyayo za matope mpaka katikati ya sebule.

"Una wazimu?" Hakuanza hata na shikamoo. "Mama, una wazimu? Wamenirudishia daftari tupu kule juu, nikauliza kwa nini, wakaniambia umeking'oa! Wewe ni mgonjwa wa moyo! Ungeanguka hapa nani angejua?"

"Karibu, mwanangu," nikasema. Sikuweka neno jingine.

Akautazama ukuta, pale penye mraba mweupe ambao moshi haujaugusa. Akaiona kanga niliyojifunga. Ilikuwa ya sare, rangi ya pea, lakini ukanda wa maneno nilikuwa nimeukata kwa mkasi na kuishona kanga upya kwa mkono, pindo kwa pindo. Doti zote nilizorudishiwa nilizifanyia hivyo. Zilikuwa kumi na saba.

Alivuta kile kinu, akakaa juu yake. Siku hizi miguu inafika chini.

"Lete mkono," akasema.

Nikampa. Akaweka vidole viwili kwenye mshipa, vidole vyenye sugu za nyuzi, akatazama saa, midomo inahesabu. Akafika sitini za kwanza, akaanza tena. Kule juu walikuwa wamemfundisha huduma ya kwanza, kumbe. Sikujua hilo pia.

Na akiwa anahesabu, bila kuniangalia, akaanza kusema.

Nilitamani kuuliza. Niliuma ulimi mpaka nikahisi chumvi. Kulikuwa na boga halijamenywa na visu viwili vya kumenyea mezani, na nikakumbuka yule mama wa maboga. Nikachukua kisu kimoja kwa mkono uliobaki, nikamsogezea cha pili.

Tangu siku hiyo anashuka Alhamisi na Jumapili kunipima. Kwa kuwa siku nyingine hayupo, Mwanasha huja asubuhi kabla ya chai. Si kama kioo, sitawadanganya. Naweza kuanguka Jumanne nikakutwa Jumatano. Nimelipima hilo.

Haya yote mwanangu ameyasoma kabla yenu. Alifuta mistari minne, akaniruhusu iliyobaki. Jina analotumia kule juu sasa ni Mvua, na kitanda chake kiko kwenye kibanda kidogo cha mlinzi wa nyavu, alikoomba mwenyewe. Katika aliyoniambia siku ile ameniruhusu niandike neno moja tu, neno ambalo kioo hakikuwa nalo katika maneno yake yote: bado.

Kwa hiyo kioo kikija, kiulizeni moyo wenu na sukari yenu. Kikikuuliza juu ya mwanao kama anaweza kujisemea, mtazame kwanza kama ameomba maji.

Na mnaonisimamisha sokoni kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Mvua, hebu tuambie, mtoto alikwambiaje?" nimewasikia. Jibu langu ni moja, mkiuliza leo na mkiuliza mwakani.

Mtoto anakula vizuri.